Hewa Ilipolazwa Mezani

Bi Pindo alipewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la suruali likatulia kama yeye. Ilipovuma habari kwamba barabara ya malori itapita mbele ya kibanda chake, alifurahi kuliko wote. Penye magari pana watu, alisema, na penye watu hapakosi nguo iliyofumuka. Mkwewe, bibi mwenye pumu na ulimi mkali, alimjibu kwamba hata sanda hushonwa, basi kweli biashara haitalala.

Kabla ya katapila kufika, alikuja bibi afya. Alieleza kwamba halmashauri imetaka kwanza tathmini ya athari za barabara kwa afya: nani atafaidika, nani ataumia, na nini kirekebishwe mapema. Akatundika dirishani kwa Bi Pindo kikasha chenye feni ndogo na karatasi nyeupe ya kuchuja hewa. Kingine akakitundika njia panda, ambako malori yalikuwa yakipita tayari. Kisha akamuuliza mkwe habari za kifua chake na usingizi wake. Bibi alijibu kwa kituo, kama mtu aliyesubiri miaka kuulizwa.

Siku ya mkutano wa wakazi na diwani, bibi afya hakuhutubia sana. Alizilaza zile karatasi mezani, akawaita watu wasogee. Ya dirishani kwa Bi Pindo ilikuwa na ukungu wa kijivu. Ya njia panda ilikuwa nyeusi tititi.

Bi Pindo akainama juu ya meza. Hewa, aliyoivuta tangu kuzaliwa bila kuiona, ilikuwa imetandikwa mbele yake kama kitambaa. Akaigusa ile nyeusi, na kidole kikatoka na masizi.

"Yote hii huingia kifuani?" akauliza polepole.

"Huingia, na nyingine haitoki," bibi afya akajibu. "Mkweo anavuta ile ya kijivu, na bado anahangaika."

Bi Pindo akamgeukia diwani. "Barabara naitaka bado. Ipitisheni kule nyuma ya maghala, mbali na nyumba. Wateja tutawafuata kwa miguu."

Wengine walinung'unika, lakini barabara ilihamishwa. Watu wa njia panda waliambulia kidogo tu: malori yalizuiwa saa za shule.

Asubuhi barabara ilipofunguliwa, ngurumo zilisikika kwa mbali. Bi Pindo alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga, akisikiliza mkwewe anavyopumua.