Mahari Iko Kanisani

Kwetu Lurambi, l na r ni ndugu wanaoazimana shati, na kwa kawaida hakuna anayeumia. Lakini wakati ule wa kipindupindu zahanati ilijaa, muuguzi akageuza kanisa kuwa wodi, nami nikapewa kipaza sauti nitangaze. Nilijiona mtangazaji wa redio kabisa! Nikazunguka mashambani nikiita, "Mahari iko tayari kanisani! Familia zote zije!"

Nilimaanisha mahali.

Niliporudi nilikuta wazee wanane wamevaa suti, na shangazi mmoja amebeba kamba ya kufungia ng'ombe. Hapo benchini kukhu, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa amelala macho yameingia ndani, dripu yake imekwisha.

"Ingine iko wapi, sista?"

"Nilimtuma mwenye boda aende mjini kuchukua," muuguzi akasema. "Amesikia tangazo lako, ameingia kwenye miwa na pikipiki yake."

Kijana huyo alikuwa ameishi na binti wa mmoja wa wale wazee miaka mingi, na hajatoa hata kuku.

Tukakimbia hadi shambani.

"Toka huko!" baba mkwe akaita.

"Sina ng'ombe, baba!"

"Nani amekuuliza ng'ombe? Huyu mtoto anaongeanga hivyo tu! Mama ya watu anakufa!"

"Apa!"

"Naapa. Leo sitaki kitu. Kesho ndiyo nitataka."

Miwa ikatikisika, akatoka na majani kichwani. Wakaenda wote wawili, mzee nyuma amemshika mshipi, maana hakumwamini hata kidogo.

Walirudi na katoni nzima ya dripu, ila hatukuwa na pa kuzining'iniza. Mzee akaambiwa ainue mkono, akasimama na suti yake, mfuko juu. Akichoka, mkwe anapokea. Wakawa wanalaumiana nani ameshusha mkono.

"Tunangoja mkojo," muuguzi akatuambia. "Mkojo ukirudi, mtu amerudi."

Nimeomba mengi maishani, lakini mkojo, hapana, ilikuwa mara ya kwanza.

Alasiri kukhu alimvuta shangazi nguo, akamnong'oneza. Shangazi akakimbilia beseni, sisi tukageukia ukuta, mzee pia, mkono bado juu. Kimya. Halafu tukasikia.

"Amekojoa!" muuguzi akapiga kelele, na kanisa zima, wagonjwa kwa wazee, likapiga makofi.

"Hamna haya nyinyi," kukhu akasema.