Usubi wa Nyumba ya Mama Mkwe

Sugiya alifukuzwa kwa wakwe zake, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, majivu ya mumewe hayajapoa. Homa ya kala-azar ilimvimbisha Jagdeo wengu hadi tumbo likawa kama mtungi, kisha ikamchukua. Mama mkwe akasema, "Umemla mwanangu." Sugiya akafunga nguo zake, akaondoka. Tangu hapo, furaha na uchungu vilimpita kama wapita njia.

Akapata kazi katika maabara ya mjini, kukamata usubi wanaoeneza ugonjwa huo. Asubuhi moja, baada ya mvua, kikosi chao kikapangiwa nyumba ileile aliyofukuzwa. Akaingia na tochi na bomba la kunyonyea wadudu.

Shemeji yake, Bhikhari, alikuwa ameegemea mlango wa zizi la nyati wa kufugwa. "Shemeji, huko mjini hawakupi wali, mpaka uje kunyonya nzi wetu?"

"Sogeza nyati," akasema Sugiya.

Mama mkwe alikuwa amelala juani kwenye kitanda cha kamba, kajifunika blanketi, anatetemeka. Akageuza uso. Sugiya akaingia chumbani alikolala zamani na Jagdeo, akamulika nyufa za ukuta wa udongo. Usubi walikuwapo, wadogo kuliko mbu, mabawa yamesimama. Akawavuta mmoja mmoja, akawatia kwenye kikombe chenye wavu.

Kule maabara akampasua jike mmoja kwa sindano, ndani ya tone la maji ya chumvi. Kwenye darubini, utumbo ulikuwa umejaa vimelea, vinapiga mikia. Akamwita mkuu wake, Daktari Anwarul.

"Huyu katoka nyumba ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu. Na yeye ana homa, nimemwona."

Kesho yake wakaenda kupima damu. Bibi yule, mama mkwe, alikuwa nao ugonjwa, lakini akagoma kupanda gari.

"Siendi popote na mla waume huyu."

"Mama, nimeshampoteza kaka," akasema Bhikhari, mzaha umemwisha. Akambeba.

Hospitalini Sugiya alikaa kando ya kitanda, dripu inashuka, akimmenyea chungwa.

"Kwa hiyo ni mdudu aliyemuua Jagdeo?" akauliza bibi.

"Ni mdudu."

"Na mimi nilisema wewe."

"Ulisema, mama."

Sugiya alingoja moyo wake useme neno. Haukusema. Akampa kipande cha chungwa.

Bibi alipona, akatuma watu wamwambie arudi nyumbani. Sugiya akajibu kwamba atakuja Jumanne pamoja na wapuliza dawa ya kuua usubi, na wahakikishe vyombo vimetolewa nje mapema.