Kinywa cha Mama Mkwe

Siku Badru alipomwona Bi Mwamvita kwa mara ya kwanza, hakumwona vizuri. Alikuwa amekwenda Mwananyamala na wazee wake kuposa, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye mkeka. Aliona vidole vya miguu vyenye hina na pindo la kanga. Alipojikaza akainua uso mara moja, aliona mdomo mwekundu kwa tambuu ukicheka.

"Huyu ndiye anayemtaka Rukaiya wangu?" aliuliza Bi Mwamvita. "Mbona anazungumza na mkeka?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Badru, fundi bomba aliyeishia darasa la saba, akajua posa imeharibika. Tena alikuwapo mposaji mwingine, karani, mwenye maneno yasiyokatika. Lakini Bi Mwamvita alitema tambuu, akafuta mdomo. "Wasemaji nimewazoea," alisema. "Marehemu baba yake Rukaiya alikuwa mmoja wao, Mungu amrehemu. Huyu atamsikiliza mwanangu. Leteni mahari."

Wema ule Badru hakuusahau, ila hakuwahi kuusemea. Kwao mama mkwe hupishwa njia wala hatazamwi usoni. Hata Bi Mwamvita alipozeeka akahamia nyumbani kwa Badru na Rukaiya, Kipawa, Badru alimwamkia akiwa ameelekea mlangoni, na akiwa na neno alimtuma Rukaiya. Bi Mwamvita naye alijibu kwa njia hiyohiyo. "Mwambie mumeo koki ya uani inavuja," angesema, na Badru yupo palepale, anasikia.

Tambuu aliiacha meno yalipoanza kulegea. Fizi zilimvimba, zikawa zinatoa damu. Alisukutua maji ya chumvi na karafuu, akitema anafukia kwa mguu. Akizungumza alijiziba mdomo kwa kanga, na kile kicheko cha Mwananyamala kikabaki pumzi tu nyuma ya kitambaa.

Asubuhi moja, akichuja tui, kifua kikambana akaanguka. Hospitalini daktari wa moyo alieleza kwamba mshipa unaolisha moyo ulikuwa umeota utando wa mafuta kwa ndani. Akampa vidonge vya kumeza kila siku. Kabla ya kumruhusu aliona damu kwenye foronya, akasema, "Na fizi hizo zikatibiwe."

Badru alibaki nyuma. "Daktari," aliuliza kwa sauti ndogo, "fizi na moyo wapi na wapi?"

"Fizi zikiugua, bakteria wa kinywani hupata njia ya kuingia kwenye damu. Watafiti wamechunguza utando wa mishipa ya moyo wakawakuta humo, wamejibanza. Kama wao ndio wanaoanzisha ugonjwa au wanauchochea tu, bado wanabishana. Kutibu fizi si badala ya vidonge. Ila mgonjwa wa moyo nimwachie kidonda kinywani cha nini?"

Siku ya kwenda kwa daktari wa meno ilipokaribia, Rukaiya alikuwa Tanga, binti yao amejifungua. Nyumbani walibaki mkwe na mama mkwe, bila mtu wa kutumwa katikati. Badru akanusa kitunguu saumu uani. Vidonge vilikuwa rafuni, havijaguswa. Jirani alikuwa amemwambia Bi Mwamvita kuwa saumu na ndimu huzibua mishipa, na yeye akaamini. Kwa meno ndiyo kabisa: "Sifunguliwi mdomo na watoto wadogo, mie."

Badru aliona wazi kwamba haya yake itamuua mama wa watu. Jioni alirudi na kipande cha bomba la chuma alichokikata kwenye nyumba moja Kawe. Akakipasua, akakiweka mbele ya Bi Mwamvita, akakaa.

"Mama."

Bi Mwamvita akageuka kumtafuta Rukaiya. Hayupo.

"Pitisha kidole humo, Mama."

"Lo! Mlenda!"

"Na maji yalikuwa yanapita vizuri tu. Mlenda huo una uhai. Ni bakteria, wamejijengea nyumba wakajifunika. Daktari anasema wa kinywani nao hufika mshipani wakajificha hivyo."

"Kwa hiyo mie bomba la Kawe?"

"Hapana, Mama. Bomba likinishinda nalikata, naweka jipya. Wewe nikikukosa, nitakununua duka gani?"

Bi Mwamvita akacheka, kanga ikamponyoka. "Kumbe maneno unayo, umeyaficha miaka yote! Lete hivyo vidonge."

Kesho yake Daktari Lusungu, binti wa Kinyakyusa mwenye mikono miepesi, alikwangua ugaga ulioganda menoni na kung'oa meno mawili yaliyokuwa yanacheza. Badru alitaka kusubiri nje. "Mkwe asitoke," alisema Bi Mwamvita.

"Baba, mtazame," alisema Daktari Lusungu. "Akikuona anatulia."

Badru akamshika mkono, akainua macho. Kumbe ana macho ya Rukaiya.

Damu ilikoma taratibu. Kila asubuhi Badru alimtilia dawa kwenye mswaki, akamsimamia na vidonge, huku wakibishana habari za majirani. Ni kipi kilichompa Bi Mwamvita miaka iliyofuata, vidonge, fizi au rehema tu, Badru hakujua. Alishukuru vyote bila kuchagua, na alimshukuru yeye kwa kumpa Rukaiya. Hilo alimwambia kwa kinywa chake, wakimenya viazi. Bi Mwamvita akamjibu, "Menya viazi, wewe."

Alifia Tanga, usingizini, alipokwenda kumwona kitukuu. Badru alilia mbele za watu bila kujificha. Lakini anachokikumbuka zaidi ni asubuhi ya safari ile. Bajaji ilikuwa inangoja langoni. Alikuwa amempakia mfuko wake, ameshaweka mswaki ndani, na kuaga kulikuwa kumemshinda. Akawa ameinama, anatazama mchanga.

Bi Mwamvita alichungulia nje ya bajaji, akicheka mdomo wazi, fizi zake zenye afya zikionekana zote.

"Unazungumza na mkeka tena? Nitazame, mwanangu."