Mfupa Mtakatifu wa Kuli wa Shelui

Saa moja asubuhi, nje ya ghala la alizeti mjini Shelui, Idrissa anashona midomo ya magunia akiwa amekalia ngata, ile ambayo mkewe Sikudhani huiweka kichwani anapokwenda kuteka maji. Sakafu tupu haikaliki. Maumivu yanampanda hadi shingoni. Kila mgeni anayepita, Idrissa humkagua kuanzia viatu.

“Wewe ni mwandishi kweli, au umetumwa?” anauliza.

Ana sababu zake. Kwa miaka kumi na tisa kuli huyu amepakia malori, gunia la kilo sabini mgongoni, hadi mwezi Juni alipoteleza kwenye ubao na kuangukia makalio. Hospitalini alipigwa picha, akapewa cheti na amri: wiki nane asibebe kitu.

Kwenye cheti kulikuwa na neno asilolijua: sacrum. Akampelekea Gervas, kuli mwenzake anayeimba kwaya kanisani.

“Gervas akacheka. Akasema hilo ni la misa za Kilatini, maana yake takatifu,” anasimulia Idrissa. “Nikajiuliza, mimi Mwislamu, utakatifu wa kanisa umefikaje makalioni kwangu? Nikajua kuna namna. Watu wanataka kunibatiza kwa mlango wa nyuma.”

Cheti akakificha chini ya godoro, akarudi kubeba. Siku ya nne mguu wa kushoto ukafa ganzi akiwa juu ya ubao na gunia lake.

Sikudhani hakubembeleza. “Nilimwambia, Baba Zaina, ukipooza nani atakugeuza kitandani? Gervas?”

Akamrudisha mwenyewe kwa Daktari Anastazia, aliyeandika kile cheti.

“Shikamoo, mzee. Hilo ni jina la mfupa tu, huu wa chini ya kiuno, juu ya kitokono,” daktari alimweleza. “Watu wa kale waliuita mfupa mtakatifu. Kwa nini, hakuna mwenye hakika. Wengine husema walikuwa wakiutoa sadaka, wengine husema waliamini mtu atafufuka kutokana nao.”

Idrissa, aliyekuwa ameshanyanyuka aondoke, akakaa tena, taratibu. Madrasa alifundishwa kwamba mwanadamu huoza mwili wote isipokuwa kijifupa cha mwisho wa mgongo, na kutokana nacho ataumbwa upya.

Idrissa bado hamwamini Gervas, na cheti anatembea nacho mfukoni, asije mtu akaongeza neno. Ila mpango anao: wiki nane zikiisha atabaki na shazia, sindano yake ya magunia, kubeba awaachie wenye migongo mizima.

“Huo ndio mfupa wa kufufukia,” anasema, akivuta uzi. “Siwezi kuuvunjia hapa Shelui kwa ajili ya alizeti, halafu siku ya kiyama wenzangu wamesimama wima, mimi natoka kaburini nimepinda.”