Chuma Kizito na Amplifikateri ya Kwaya

Niseme mapema: sikusoma. Niliacha darasa la tatu, nikajifunza kusude, yaani kuunga kwa risasi iliyoyeyushwa, peke yangu kwa kuziba mabeseni na koroboi za watu wanaovuka mpaka wa Kongo hapa Rusizi ya kwanza. Nyumba yangu ya Gihundwe imetoka kwenye mkono huu. Kwa hiyo chuma changu cha kusude kilipokufa, baada ya miaka mingi ya kuyeyusha risasi bila kulalamika, sikuomba ushauri wa mtu.

Lakini kilichagua siku mbaya. Amplifikateri ya kwaya, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa tumbo, na Jumapili ilikuwa kesho. Siku ya mazoezi nilisimama mbele ya bamama bote ba kwaya nikawaambia: mashine hii haivuki kwenda kwa fundi wa Bukavu mimi ningali hai. Mke wangu ndiye anayeiongoza kwaya ile. Aliniangalia tu, akasema, "Tumesikia, Papa. Tuko bashahidi."

Asubuhi ile ya Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka soko la Kamembe, kwa mama mmoja wa Bukavu anayevuka kila siku na vitu vya umeme. Akanitandikia vyuma viwili. Kimoja kinene kama gunzi la muhindi. Kingine chembamba, kina kitufe cha kuzungusha ili kupunguza moto. Nikafanya kama tunavyonunua jembe: nikavipima kwenye kiganja, nikavigonga kwa ukucha, nikatega sikio.

"Papa, unanunua chuma ao unanunua mbuzi?"

"Maman, kitu kizito hakidanganye muntu."

"Kile ni cha kuziba mabeseni. Kama ni mashini ya muziki, beba hiki kidogo."

"Hiyo ni sindano. Miye si fundi wa nguo."

Wakacheka mpaka wauza sambaza, wale samaki wadogo, wa pembeni. Nikabeba kile kinene, kifua mbele.

Nyumbani nikakigusisha kwenye amplifikateri mara moja tu. Moshi ukapanda, na njia nyembamba ya shaba iliyopitisha sauti ikabanduka kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Mke wangu akaja akifuata harufu.

"Papa, unasude ao unachoma brosheti za mbuzi?"

Nikamwambia atoke. Akavuta kiti, akaketi.

"Niende niambie bale bamama batafute fundi wa Bukavu?"

"Usiende fasi yoyote!"

Nikarudi sokoni. Njia nzima nilitunga uongo: chuma ni kibovu, umeme wa Gihundwe ni mkali. Sikupata nafasi ya kuusema. Yule mama alikuwa ameshakifunga kile chembamba kwenye mfuko.

"Nilikiweka pembeni tangu ulipotoka, Papa. Nilisema, Mzee hatakula chakula cha midi, cha saa sita, hajarudi hapa."

Akanishika mkono, hataki niondoke kabla hajanionyesha. Akakichomeka, akasubiri, akagusisha risasi kwenye waya. "Iking'aa, toa. Usibakie pale kama mugeni anangojea chakula."

Mimi, kufundishwa na muuzaji! Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikarudi nikavua koti, nikaziba mahali palipoungua kwa uzi mwembamba wa shaba. Nilipima moto kila mara, nikitoa mkono haraka kama nilivyoambiwa. Mke wangu alishika taa ya simu. Hakucheka. Kutocheka kwake kuliniuma zaidi.

Jumapili kwaya ikasimama. Na mimi nikasimama, nyuma kabisa, shingo nimeinyoosha, macho kwenye amplifikateri. Mke wangu akashika mikro, akaigonga mara mbili. Sauti ikajaa kanisa zima, safi, bila kukwaruza hata kidogo. Nami nikaendelea kusimama.

"Inasikika, Papa," akasema ndani ya ile mikro, mbele ya waumini wote. "Kaa chini sasa, tuimbe."