Msimu Wake wa Kwanza wa Mahindi Makavu

Umande haujakauka. Mwanamke ameinama katikati ya mahindi yake, anafunua maganda ya hindi moja na kubonyeza punje kwa ukucha. Maji meupe yanamrukia kidoleni.

"Bado," anasema, na kuyarudisha maganda taratibu.

Akivumilia wiki nne hivi, atavuna mahindi makavu kutoka shamba lake mwenyewe, jambo ambalo halijatokea kwa misimu sita. Asipovumilia, yatakwenda kama ya miaka yote: yatauzwa yakiwa yamesimama shambani, mabichi, kwa bei aipendayo mnunuzi. Na mnunuzi huyo, dalali mwenye pikipiki nyekundu, ameahidi kurudi leo.

Kijijini wanamwita Ngwe Tatu. Ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa kibarua akimalize ndipo alipwe. Wenzake humaliza moja kwa siku, wakijikakamua sana mbili. Yeye humaliza tatu.

"Sifa hiyo ndiyo iliyonimaliza," anasema akicheka. "Mashamba ya watu yalikuwa yanang'aa. La kwangu ukipita ungedhani wenyewe tumehama."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi na katili. Mvua za kwanza zikinyesha, chakula nyumbani kimeisha. Palizi ya shamba la mwingine inalipa jioni ileile. Palizi ya shamba lako inalipa baada ya miezi mitatu, na watoto watatu wanataka kula leo. Basi alilima kwa watu kwanza. Alipofika kwake, majani yalikuwa yamempita magoti. Ekari nzima ilibeba mahindi ya magunia mawili, mwaka mzuri matatu, na yote yalikuwa yameshauzwa mabichi kwa dalali.

Mwaka jana shirika moja la misaada lilipita nyumba kwa nyumba, likachagua kaya za kutumiwa fedha kwa simu kila mwezi, kwa mwaka mmoja. Fedha hazina masharti. Ni kama ujira wa siku kumi na tano za kibarua.

Ujumbe wa kwanza ulipoingia, mumewe alimwambia aufute. Mume huyo alikuwa fundi wa kuezeka, akaanguka kutoka juu ya paa, na tangu hapo mgongo haumruhusu kushika jembe. Siku hizi anapika, anachambua maharage, na hakuna anayepita njiani asiyemsemesha.

"Nilimwambia hao matapeli," anasimulia. "Akaniambia, baba watoto, tapeli gani anaanza kwa kukupa?"

Fedha zile zilinunua unga, mbegu na kitu ambacho Ngwe Tatu hakuwahi kuwa nacho mvua zikianza: nafasi ya kubaki shambani kwake. Palizi ilipofika aliajiri wanawake watatu aliokuwa akilima nao kwa watu. Kwa mara ya kwanza maishani akawa bosi, na siku hiyohiyo akaboronga.

Alikwenda kwa tajiri waliyekuwa wakimlimia, akaazima fimbo yake ya kupimia ngwe. Kila kibarua pale anaijua fimbo hiyo. Kwa miaka wamenung'unika kwamba imezidi kipimo cha siku zote kwa shubiri nzima, na kwamba shubiri hiyo, ukiizungusha pande zote nne za ngwe, inakula saa nzima ya mtu. Aliyenung'unika kuliko wote alikuwa yeye. Asubuhi ile akapima, akachomeka vijiti, wala hakuwaza lolote. Shoga yake wa siku nyingi, mmoja wa wale watatu, akafika, akaitazama fimbo, akalaza jembe chini.

"Hakupiga kelele," Ngwe Tatu anakumbuka. "Aliniuliza tu, 'Shoga, na wewe?'"

Alitamani ardhi immeze. "Sikutaka kuwapunja. Nilitaka kupima ngwe, na ngwe niliyokuwa naijua ni ile."

Fimbo ya watu hakuweza kuikata. Alichomoa mti kwenye uzio wake, akaukata mbele yao kwa kipimo walichokubaliana, akapima upya, kisha akaingia kulima nao. Mumewe hadi leo anamtania kuwa ndiye bosi pekee anayetoka jasho kuliko vibarua wake. Tajiri alituma salamu kwamba anamharibia watu. Shamba likapaliliwa mara mbili, kwa wakati, na sasa anakadiria magunia manane.

Halafu, mwezi huu, simu ikanyamaza. Fedha zimechelewa wiki mbili. Ofisa wa shirika amewaambia kuna hitilafu, wavumilie. Unga ulibaki kiganja.

Hapo ndipo dalali alipotokea, siku tano zilizopita. Alipita kwenye mistari, akayasifia mahindi, kisha akatoa noti mfukoni. Kwa shamba zima angelipa thamani ya magunia matatu.

"Dada, sisi si watu wa jana," alimwambia. "Miaka yote nakuokoa, leo unaniletea maringo?"

Mume, aliyekuwa kizingitini, alikohoa na kusema wampe nusu, nusu wabaki nayo. Mkewe hakumlaumu, watoto walikuwa wamelala na uji mwepesi. Anakiri kuwa mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka.

"Nikajiuliza, nusu ipi? Mstari upi nimkatie? Kila mstari namjua aliyeulima, na kila aliyeulima nimemlipa. Nikamwambia aje yakikauka, nimuuzie kwa debe kama wanavyomuuzia wengine."

Dalali alicheka, akawasha pikipiki, akasema atarudi baada ya siku tano, akili zikiwa zimemrudia dada.

Jioni ile Ngwe Tatu alibeba bakuli hadi kwa shoga yake. Shoga huyo hapati msaada. Alirukwa kwa kuwa nyumba yake ina bati, aliloachiwa na marehemu mumewe. "Bati langu waliliona, sufuria langu hawakulifunua," husema kila anapoulizwa, na kijijini hayuko peke yake mwenye donge hilo. Lakini aligawa unga aliokuwa nao nusu kwa nusu, akasema anamkopesha bosi wake ili asikose kibarua msimu ujao.

Umande sasa umekauka. Pikipiki inasikika kabla haijaonekana. Dalali hazimi injini. Amepandisha hadi magunia manne. Safari hii mume anamwachia mkewe ajibu.

"Karibu chai, kaka," Ngwe Tatu anajibu, "ila haina sukari. Na mahindi bado."

Pikipiki inageuka.

Simu bado haijalia. Imebaki miezi mitatu msaada ufike mwisho, na yeye ndiye wa kwanza kulitaja hilo. Mipango yake iko wazi: magunia matano ya kula, mawili ya kuuza bei ikipanda, na moja la kulipia mbegu na palizi ya wenzake watatu, bila fedha ya mtu. Akibahatika, mumewe atamwelekeza kijana wa kuezeka kighala kilichoinuliwa, panya wasifike.

Tajiri naye ametuma mtu tena, safari hii kwa upole, kuuliza kama mvua zikianza atakwenda kumlimia.

"Nimemjibu nitakuja," anasema, akikung'uta udongo mikononi. "Nikishamaliza kwangu."