Maikrofoni za Hamdan wa Msuka

Hamdan Kificho alikuwa na spika mbili na amplifaya, na hivyo ndivyo vilivyomlisha pale Msuka tangu mgongo ulipomkatalia jembe. Arusi, maulidi, mkutano wa skuli, aliitwa yeye. Mkewe, Rahila, alikuwa wa kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na wanawake wa mtaani ndio waliokuja asubuhi kumwosha na kumgeuza. Hamdan alikuwa na neno lake: mali sina, nina watu.

Na miaka ile ya vyama vingi watu ndio waliokuwa taabu kuwa nao. Wa chama hiki hakwenda mazikoni kwa wa chama kile, wala hakununua hata kiberiti dukani kwake. Hamdan alikuwa chama kimoja na mtaa mzima, ila hakuwa mtu wa makelele.

Kilichomponza ni maikrofoni. Arusini wanawake hukaa uani, na yeye mwanamme hukaa nje na mitambo yake. Waya ulipitishwa dirishani, ukikanyagwa unakatika, naye hana ruhusa ya kuingia kuutengeneza. Basi akanunua zisizo na waya, zile za rahisi za kuimbia karaoke, kwa Mmanga wa Makangale, mfanyabiashara wa chama cha pili. Mmanga alileta jozi mbili sawasawa. Ya pili akawapa wenzake wa chama.

Sauti ya maikrofoni zile haikuwa ya kusifu. Ilichacharika kama samaki kwenye mafuta, na mwangwi ulikuwa mwingi hata mwimbaji akawa kama yumo kisimani. Lakini wanawake walizipenda. Waliweka taarabu isiyo na mwimbaji, wakapokezana wenyewe, na hakuna mwanamme aliyechungulia.

Siku ya arusi ya Widad, binti wa Mzee Amur, chama kile cha Mmanga kiliweka mkutano kiwanja cha mpira, nyuma ya nyumba tu. Hamdan aliwasha mitambo, akenda kuswali alasiri. Uani, Bi Khairiya, jirani yake wa mlango wa pili, alimaliza wimbo wake akaizima maikrofoni ampishe mwenziwe. Spika ilipokosa sauti ya karibu ikadaka ya mbali. Katikati ya vigelegele ikatoka sauti ya mwanamme, ikisema watu wa Msuka ni vichwa vigumu, na yatakayowafika wasije kulia.

Hamdan aliporudi alikuta spika zimeangushwa, na Mzee Amur kazisimamia.

"Umetuuza, Hamdan. Siku ya arusi ya mwanangu."

"Wallahi, Mzee Amur, ya kwao imeingia kwenye yangu. Ni za aina moja, zinaingiliana."

"Na hizo za aina moja na zao, umezipata wapi weye?"

Hamdan hakujua kusema uongo. Alisema kwa Mmanga.

Hakuitwa tena popote. Hilo angelivumilia. Lakini asubuhi Bi Khairiya hakuja, wala wenziwe. Hamdan alimfuata mlangoni, akajibiwa kwa ndani, kwa upole, kwamba mumewe kamkataza. Basi Hamdan akamwosha mkewe mwenyewe, kwa mikono isiyojua kumgeuza, na mgongoni vikaja vidonda. Rahila, mdomo mzito, alimuuliza mara moja tu watu wako wapi. Akamwambia wako kwenye karafuu. Na kweli ulikuwa msimu wa karafuu.

Vidonda vilimmaliza. Dada yake Rahila alikuja kutoka Mgogoni kumwosha na kumkafini. Wanaume walikuwa Hamdan, shemeji yake Nyange, na imamu. Jeneza lina mikono minne. Walisubiri mpaka jua likawa kali, na mtu wa nne hakutokea. Halafu akaja Mmanga kwa baiskeli, karowa jasho.

"Nimesikia," alisema. "Nipe upande."

Hamdan aliitazama baraza ya Mzee Amur, ambayo njia ya makaburini inapita mbele yake, na ambayo ilikuwa imejaa watu. Akamtazama Mmanga. Kisha akamwonyesha mkono wa nyuma.

Jeneza likipita, kawaida watu huinuka wakapokezana. Pale barazani hakuinuka mtu. Mzee Amur alisema, wala hakupaza sauti:

"Si nilikwambieni ni wenziwe."

Mmanga akasita.

"Tembea," alisema Hamdan.